Tumbo la Gari Moshi

Nina ugomvi na watu wanaosimulia habari za gari moshi kwa kuhesabu magurudumu. Watakwambia injini ile ilikuwa na magurudumu kumi, ile kumi na manne, na kwamba iliundwa Glasgow au Philadelphia. Hayo ni kweli, na mimi pia hupenda kuyasikia. Lakini waulize ilikula nini, nao watakujibu kwa mkato: makaa ya mawe. Kwa reli yetu ya kati jibu hilo ni la uvivu, na uvivu huo una watu unaowaumiza.

Kwanza tuone kwa nini chakula ndicho jambo la msingi. Chukua injini za magurudumu kumi za mashariki mwa Marekani, manne madogo mbele na sita makubwa ya kuvutia. Huko kuna antrasiti, makaa ya mawe magumu, yenye moshi haba na mwali mfupi, yanayowaka polepole. Ukiyarundika katika tanuri jembamba hayatoi joto la kutosha. Sharti yatandazwe, tabaka jembamba juu ya wavu mpana wa chuma. Mwaka 1877 John Wootten, wa reli ya Philadelphia and Reading, alibuni tanuri pana lililokaa juu ya magurudumu badala ya kubanwa katikati yake. Katika injini kubwa za namna hiyo wavu wa moto ulifika hata mita za mraba 7 au 8. Tanuri likajaza nyuma yote, kibanda cha dereva kikakosa mahali, wakakipandisha juu ya boila kama mtu aliyempanda ngamia. Mchochea moto akaachwa peke yake nyuma, penye upepo na mvua. Makaa ndiyo yaliyoichora mashine, na mashine ikampangia binadamu pa kusimama. Kampuni ya Lackawanna nayo ikajitangaza kwa picha za bibi wa kubuni aitwaye Phoebe Snow, aliyevaa nguo nyeupe, eti msafiri wa antrasiti hachafuki.

Kijana mmoja jirani yangu hapa Kibaha alinijia na picha ya injini kama hizo. "Shikamoo mzee. Hii ndiyo iliyokuwa ikipita Soga na Ruvu?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo haikupita huku, na kama ingepita ingekufa njaa."

Alicheka, lakini sikuwa natania. Makaa ya mawe tuliyo nayo nchini si antrasiti, tena yako Kiwira, Ngaka na Mchuchuma, huko kusini-magharibi, mbali na reli ya kati. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Makaa ya kuletwa kwa meli yalikuwa ghali, na kando ya reli ilikuwapo miti. Basi chini ya Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza, injini zetu zililishwa kuni kwa wingi, hadi mafuta mazito na kisha dizeli vilipochukua nafasi.

Piga hesabu kidogo, ndugu msomaji. Kilo moja ya antrasiti hutoa joto la kilo mbili hivi za kuni kavu, na kuni hujaza nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo treni ya kuni husimama mara kwa mara kupakia, na kila rundo linaloingoja lina mtu aliyeukata mti, akaupasua, akabeba. Kuni pia hurusha cheche, ndiyo maana dohani za injini hizo zilihitaji wavu wa kuzizuia. Phoebe Snow angeshuka Morogoro nguo ikiwa na matundu.

Sasa panda Kisarawe, utazame msitu wa Pugu na wa Kazimzumbwi, kisha uje upande wa Ruvu Kusini. Katika kila mkutano mshtakiwa ni mmoja: mchoma mkaa, yule wa baiskeli na magunia mawili. Simtetei. Misitu hii inapungua, na mkaa unaoingia Dar es Salaam ni sehemu kubwa ya sababu. Ila sikubali daftari la deni lianze kwa jina lake. Sisemi kila gogo la reli lilitoka Pugu. Nasema serikali za kikoloni zilimfukuza mwenyeji msituni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili zikailisha reli miti. Yule mlaji mkubwa leo anaimbiwa sifa kwa honi na moshi wake, na mlaji mdogo anapelekwa mahakamani.

Hata huko kwenye jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi, ambako imesimama injini namba 3020 iitwayo Nyaturu, kwa jina la ndugu zetu wa Singida, wageni hupiga picha jina na magurudumu yake kumi na manne. Hiyo ilikunywa mafuta. Ni wangapi wanaochungulia tanuri?

Najua nitaambiwa hayo yamepita, kwa kuwa tangu Juni 2024 treni ya umeme inapita Pugu, Soga na Ruvu bila moshi. Nimeipanda, nami nimeifurahia. Lakini umeme nao una tumbo lake: maji ya Rufiji katika bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, pamoja na gesi ya kusini. Afadhali tuyaandike hayo mapema, wajukuu wasije wakahesabu mabehewa tu.

Na kama siku moja itawekwa injini ya zamani pale Soga au Pugu iwe ukumbusho, naomba neno la kwanza kwenye kibao liwe KUNI, na la pili wakata kuni. Magurudumu yaandikwe chini, kwa herufi ndogo.