Mwani wa Zanzibar: Mwanga wa Kutosha Upo, Boti Hakuna

Hapa London mtu anayekwepa jelatini ya wanyama hujifunza mapema kusoma maandishi ya paketi. Mimi hutafuta alama mbili: E406, yaani agari, unga wa kugandishia jeli na faluda, na E407, karajinani. Zote mbili hutoka kwenye mwani mwekundu. Mwani unaolimwa Paje, Jambiani na Pemba ni wa karajinani.

Zanzibar ilianza kuulima kibiashara mwaka 1989, kwa aina mbili: spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini ndiyo inayokufa maji ya pwani yanapopata joto. Wakulima, wengi wao akina mama, wamebaki na spinosamu ya bei ya chini.

Ushauri wa wataalamu ni kusogea maji ya kina, ambako joto ni dogo. Je, mwani utapata mwanga wa kutosha huko? Jibu limo kwenye rangi. Maji ya bahari humeza mwanga mwekundu kwanza. Wa kijani na wa buluu hufika chini zaidi. Mwani mwekundu una rangi iitwayo faikoerithrini, ambayo hunasa khasa mwanga huo wa kijani na buluu na kuutumia kujitengenezea chakula. Maji yakiwa safi, mita chache zaidi haziuui.

Basi kizuizi si mmea. Kilimo hiki kilizoea vigingi na kamba kwenye maji ya kupwa, ambako mama hufika kwa miguu. Kwenye kina anahitaji boti, nyavu na kujua kuogelea. Mtafiti Flower Msuya wa Zanzibar amefanya majaribio ya nyavu ndefu mfano wa mfuko, zinazoushika mwani usikatike na kuchukuliwa na mawimbi. Ujuzi upo.

Serikali ya Zanzibar imeufanya uchumi wa buluu kuwa ajenda yake kuu. Mimi naupima kwa swali moja: boti zitakuwa za nani? Zikiwa za wenye mitaji peke yao, kotonii itarudi, lakini pato litamhama mama aliyelihangaikia shamba zaidi ya miaka 30.

Sisi wenye jamaa huko, tulioko Maskati, Dubai na London, tunatuma fedha kila mwezi. Tufikirie pia kuchangia boti ya ushirika wa akina mama, na mwalimu wa kuogelea.