Kiwango Kimoja, Mzigo Si Mmoja



Tunaambiwa kwamba kutoza watu wote kwa kiwango kimoja ndio usawa. Tunakanusha. Mchuma kahawa wa Gatitu na waziri wa Nairobi wakinunua sabuni, kila mmoja hutozwa asilimia 16 ya Ushuru wa Ziada ya Thamani. Tuseme ni shilingi 16. Kwa apataye shilingi 400 kwa siku, hiyo ni sehemu moja katika ishirini na tano ya jasho lake. Kwa apataye 16,000, ni moja katika elfu.

Wengine, hata kanisani, hutukumbusha fungu la kumi. Lakini fungu la kumi hutolewa katika mavuno. Ushuru huu hufuata matumizi. Maskini hutumia chote apatacho, tajiri huweka akiba na kununua mashamba. Tena Mambo ya Walawi, sura ya 5, humruhusu asiyeweza mwana-kondoo alete hua wawili, na akishindwa, unga.

Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha ushuru huu kwa mafuta ya magari kutoka asilimia 8 hadi 16, na asiye na gari akaukuta katika nauli ya matatu. Mwaka wa 2024 waliugeukia mkate. Ghadhabu ya wananchi ikawarudisha nyuma mwezi wa Juni.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 201, yataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kila mbunge atakayeomba kura zetu na aje hapa Gatitu atueleze ni bidhaa zipi za maskini ataziondolea ushuru, na ni mali ipi ya matajiri ataitoza.