Watakatifu Hawakuwa Watu wa Kunyamaza

Kuna hubiri moja ambalo sisi wakimbizi wa hapa Gisenyi tumelisikia mpaka tumelikariri. Posho ikipungua: vumilieni kama watakatifu. Karatasi zikichelewa: vumilieni kama watakatifu. Mtu akitaka kitu kidogo ndipo jina lako liingie kwenye orodha, eti huo nao ni msalaba wako, ubebe. Mimi ni Mkatoliki, rozari yangu iko mfukoni, na nasema hubiri hilo linawasingizia watakatifu.

Tuanze na Bakhita, maana ndiye tunayetajiwa zaidi. Alitekwa utotoni Sudan, akauzwa mara nyingi, akasamehe. Hapo hadithi inakatwa. Mbona hatuambiwi ya Venice? Mwaka 1889 bibi yake alitaka kumrudisha Sudan, naye akakataa kutoka kwa masista. Mambo yakafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru. Alikuwa hata hajabatizwa! Aliyesamehe ni yuleyule aliyekwisha kusema hapana mbele ya wakubwa.

Sasa tuvuke mpaka, hapo Goma tu. Floribert Bwana Chui alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazoingia. Mwaka 2007 uliletwa mchele ulioharibika, kutoka upande huu wa Rwanda. Wenye mali wakamtolea pesa aupitishe. Akakataa. Akatekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, akatangazwa Mwenyeheri. Hebu jiulize: mchele ule ungeliwa na nani? Si matajiri. Ungeliwa na mama zetu wa sokoni na watoto wa mtaani, walewale ambao Floribert alikuwa akiwahudumia pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio. Sala yake ilimfuata mpaka kazini.

Na hapa hapa Gisenyi, unapita karibu na kaburi la Félicité Niyitegeka bila kujua. Alikuwa akiongoza Centre Saint Pierre. Mwaka 1994 hakuwa miongoni mwa waliokuwa wakiwindwa. Aliwaficha waliowindwa, akawasaidia wengine kuvuka usiku kwenda Goma. Kaka yake, mwanajeshi mwenye cheo, akamtaka aondoke ajiokoe. Akamwandikia barua ya kukataa: hawaachi watu wake. Tarehe 21 Aprili aliuawa pamoja nao kwenye makaburi yanayoitwa Commune Rouge. Kanisa bado halijamtangaza mtakatifu, lakini Rwanda imemweka kati ya mashujaa wake wa daraja la Imena.

Najua jibu litakalokuja. «Ndugu, unataka watu wafe? Kukataa kunaua, na mimi nina watoto watano.» Ni kweli, kunaua, mifano yangu miwili imeishia kaburini. Siwezi kumwamuru mama mwenye watoto akatae kutoa hizo franga anazodaiwa, na sitamhukumu akizitoa. Ninayembana ni yule anayedai, na yule anayesimama mbele ya waumini akiyapaka madai hayo maji ya baraka. Uvumilivu ni fadhila, sikatai. Lakini Félicité alivumilia hatari ili wengine waishi. Sisi tunaambiwa tuvumilie wizi ili mwizi astarehe. Hivi hayo mambo mawili yanafanana wapi?

Wengine watasema naingiza siasa kanisani. Kukagua mchele ni siasa? Kumfungulia mlango mtu anayekimbia panga ni siasa? Basi watakatifu wote walikuwa wanasiasa, tufunge kanisa twende nyumbani.

Kwa hiyo nawaomba makatekista wetu na wahubiri wetu, kwa heshima yote: mkituletea mtakatifu, mtuletee mzima. Mtuambie alisali vipi, sawa, tena tunataka kujua. Halafu mtuambie alimkatalia nani, alikataa nini, na nani alipona kwa sababu ya kukataa kwake. Na wewe unayeshika kalamu ya orodha, unayeanza novena jioni baada ya kula franga za wajane mchana, Floribert naye alikuwa na kalamu. Muombe akuombee, lakini kwanza rudisha hizo franga.