Ufa Uzibwe na Fundi

Mwezi Agosti 2012 mji mdogo wa Borja, nchini Hispania, ulivuma duniani kote kwa kioja. Katika kanisa la Misericordia, nje kidogo ya mji huo, palikuwa na picha ya Yesu aliyevikwa taji la miiba, iliyochorwa ukutani na Elías García Martínez mnamo mwaka 1930 hivi. Unyevu wa ukuta ulikuwa umeibambua rangi. Muumini mmoja mzee, Bibi Cecilia Giménez, mwenye umri wa miaka zaidi ya 80, alishika brashi ili aiokoe. Kazi yake ilipoonekana, uso wa Yesu ulikuwa umetoweka, na watu wakaufananisha ule mpya na wa nyani.

Ulimwengu ulicheka, na bibi huyo akaumia sana moyoni. Lakini wacheshi hao hao ndio waliofunga safari kwenda kujionea. Maelfu kwa maelfu ya wageni walimiminika Borja. Kiingilio kikatozwa, mikahawa ikapata wateja, na sehemu ya mapato ikasaidia nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka 2016 mji ulifungua kituo maalumu cha kuwaeleza wageni habari za picha hiyo.

Wako watakaosema: kumbe hata kuharibu kuna faida! Sisi hatukubaliani nao. Borja iliokolewa na bahati, na bahati haiwekwi katika mpango wa maendeleo. Kioja cha kwanza huchekesha. Cha pili ni uzembe mtupu.

Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kuhubiriwa juu ya jambo hili. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Siku ile hakuna aliyecheka. Jengo la kale lina uzito wake na siri zake, na anayeligusa lazima azijue kwanza.

Hapa Arusha tunayo mengi ya kutunza. Ipo Boma ya Wajerumani ya mwaka 1900, ambayo ni makumbusho. Ipo nyumba ya Makumbusho ya Azimio la Arusha, inayohifadhi kumbukumbu ya mwaka 1967. Katika miteremko ya Mlima Meru yapo makanisa ya zamani, na ipo Akeri, walikouawa wamisionari Ovir na Segebrock mwaka 1896. Watalii wengi hupita mjini mwetu wakikimbilia Serengeti na Ngorongoro. Tukitaka wakae nasi japo siku moja zaidi, tuwaonyeshe mambo haya yakiwa mazima.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Bara, huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hayana budi kungoja tangazo la Waziri. Karibu kila jengo la zamani katika mkoa huu limejengwa baada ya mwaka huo. Maana yake ni kwamba mlinzi wa kwanza wa jengo la aina hii ni yule anayelitumia kila siku, naye mara nyingi hana mtaalamu wa kumwuliza.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Serikali na wa dini wafanye mambo matatu. Kwanza, majengo na michoro yote ya zamani iorodheshwe na kupigwa picha. Pili, yanayostahili yapelekwe kwa Waziri ili yatangazwe. Tatu, kila usharika na kila ofisi ijue ni kwa nani itapeleka habari paa linapovuja, na habari hiyo ikifika ijibiwe.

Tusimlaumu bibi wa Borja. Aliipenda picha ya kanisa lake kuliko wengi waliopita mbele yake bila kuona unyevu ukipanda. Kosa lilianza pale ukuta ulipoachwa ulowe hadi mzee akaona hana budi kuutengeneza mwenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: ufa huo uzibwe mapema, na uzibwe na fundi.