Mchango wa Michezo na Wasiocheza

Katika fomu ambayo mwanafunzi hupelekewa aitwapo kujiunga na chuo, baada ya karo, malazi na kitambulisho, huja mstari mmoja mfupi ambao hausomwi mara mbili: michezo. Mbele yake pameandikwa kiasi cha fedha. Ni kiasi kidogo kikilinganishwa na karo, na kwa udogo wake hakuna mzazi agombaye. Mvuvi wa Katonga huuza dagaa, mkulima wa Kasulu huuza maharage, fedha hulipwa, stakabadhi hukatwa, na habari za mstari ule hukoma hapo mpaka mwaka wa pili, utozwapo tena. Nadai kwamba katika vyuo vyetu vidogo, na hasa vile vilivyo mbali kama vya Kigoma, mstari ule aghalabu ni deni ambalo chuo hakilipi. Mwanafunzi hutoa, wala hachezi.

Tuanze na maneno, maana maneno ndiyo kazi ya jarida hili. Fomu husema mchango. Watu wetu wanajua kuchanga: huchanga kwa arusi, huchanga kwa msiba, huchanga wakanunua nyavu za ushirika. Mwenye kuchanga hutoa kwa hiari, hujua jumla iliyopatikana, na siku ya karamu hukaa jamvini akala. Kitu kitozwacho kwa lazima, ambacho mtozwaji hajui jumla yake wala hapati fungu lake, si mchango. Jina lake ni kodi. Na kodi nayo, hata ikichukiza, makisio yake husomwa bungeni mbele ya watu. Kisha tazama neno la pili. Michezo ni wingi wa mchezo, na mchezo katika lugha yetu ni neno pana kama bahari. Mtoto hucheza, kina mama hucheza ngoma, wazee wa Ujiji hucheza bao chini ya miembe, vijana hucheza mpira. Fomu imeandika wingi, lakini fedha hutumika kwa umoja. Hutumika kwa mchezo mmoja, au miwili ikiwa chuo ni karimu, na katika mchezo huo hutumika kwa watu kumi na wanane ambao majina yao yalijulikana kabla muhula haujafunguliwa.

Sitataja chuo. Hapana haja, maana desturi hii haina mwenyewe mmoja. Badala yake namwomba msomaji anivumilie kwa hesabu ya kubuni, nyepesi, ambayo kila mhasibu anaweza kubadili tarakimu zake akaweka za kwake.

Chukua chuo chenye wanafunzi 400, kila mmoja akatoa shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 4,000,000. Ukitaka kuuona udogo wa fedha hizi, kumbuka kwamba mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kuwapa Simba na Yanga shilingi milioni 5 kwa kila bao katika mashindano ya Afrika. Michezo yote ya chuo chetu kwa mwaka mzima haifikii thamani ya bao moja. Sasa tuzitumie. Timu ya mpira ina wachezaji 18, ya netiboli 12, na walimu wawili wa kuwaongoza: watu 32. Mashindano yamewekwa katika mji wa mbali, na kutoka Kigoma karibu kila mji ni wa mbali. Reli peke yake mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200. Mpe kila msafiri shilingi 100,000 tu kwa nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha njiani, na kiasi hicho ni cha ubahili. Zimekwenda shilingi 3,200,000. Zimebaki 800,000 za jezi, mipira, dawa za misuli na ada ya kushiriki. Timu ikitolewa katika makundi, nayo hutolewa, safari yote imekwisha kwa mechi tatu. Wanafunzi 370 waliobaki nyuma wamepata nini kwa shilingi zao 3,700,000? Wamepata matokeo, yaliyobandikwa ubaoni.

Chuo cha Dodoma au Morogoro, kilicho katikati ya nchi, chaweza kujitetea kwamba gharama hizo si kubwa hivyo. Sisi hatuwezi. Umbali wenyewe hututoza, nao hutoza kila mwaka, na wanaoulipa ni wale wasiosafiri.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza nitaambiwa kwamba bila mashindano makubwa vipaji vitakufa. Hoja hii husemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, basi na tuipime kwa historia. Mwaka 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alikuwa askari. Mwaka 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Naye ni askari. Timu iliyoipandisha Kigoma katika ligi kuu mwaka 2023 ni Mashujaa, nayo ni ya jeshi. Mpaka michezo ya Paris ya mwaka 2024, medali za Olimpiki za nchi hii ni mbili tu, zote za fedha na zote za Moscow 1980: moja ya Bayi, ya pili ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Naam, huyu wa pili alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Chuo chenyewe ni cha El Paso, Texas. Nani basi amelelewa na safari zetu za mechi tatu? Kipaji hakigunduliwi katika safari, hugunduliwa katika uwanja wa nyumbani ambako watu wengi hucheza mara nyingi, na mwenye jicho akapita akaona. Tukiwapeleka wale wale kumi na wanane tuwajuao, hatugundui mtu. Tunawatembeza tuliokwisha kuwagundua.

Kwa kuwa Texas imetajwa, wapo watakaosema tuwaige Wamarekani. Husikia kwamba kwa suluhu iliyoidhinishwa mahakamani Juni 2025, chuo kikuu kimoja cha huko kiliruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake mpaka dola milioni 20.5 katika mwaka wa masomo wa 2025/26, nao hudhani kwamba michezo ya chuo ni mgodi. Ni mgodi kwa vyuo vichache vyenye televisheni na mashabiki wa kurithi. Vingi vilivyobaki hutumia zaidi ya vinavyopata, na pengo huzibwa kwa ruzuku ya chuo na kwa ada za wanafunzi ambao baadhi yao hawajapata kuukanyaga uwanja. Ugonjwa ni ule ule wetu, ila wao wanao kwa dola. Kama ni kuiga, tutazame vyuo vidogo vya huko, vile vya daraja la tatu. Katika daraja hilo sheria hairuhusu kumpa mtu ufadhili wa masomo kwa sababu ya miguu yake. Vyuo hivyo vina timu nyingi ajabu, na hesabu yao haina siri: kila mchezaji huja na karo yake, kwa hiyo wachezaji wakiwa wengi na madarasa yamejaa. Wao wana faida ya wengi kucheza. Sisi tumejipangia faida ya wachache kusafiri, tena faida hiyo sijaiona katika daftari lolote.

Hoja ya jina la chuo naipita upesi. Sijakutana na mwanafunzi aliyechagua chuo cha ualimu kwa kuwa kilishika nafasi ya tatu katika mpira wa wavu.

Hoja ya umoja wa taifa ni nzito zaidi, nami siidharau. Mashindano ya UMISETA kwa shule za sekondari na ya UMISAVUTA kwa vyuo vya ualimu yamewakutanisha vijana wa pwani na wa bara, na wako watu wazima leo ambao marafiki zao wa maisha waliwapata kambini. Wala simo miongoni mwa wale waliofurahi michezo iliposimamishwa mashuleni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jambo lile lilikuwa hasara, na ilibidi baadaye lirekebishwe. Walakini ikiwa umoja ni haja ya taifa, taifa lilipe nauli. Si haki umoja wa watu milioni sitini na zaidi ugharimiwe na binti wa Mwandiga ambaye hakuitwa hata kwenye mazoezi.

Huenda mtu akauliza: mwalimu wa lugha ana nini na viwanja? Nitamjibu kwa jina moja. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924, ndiye aliyetuandikia kanuni za vina na mizani katika kitabu cha mwaka 1954 ambacho kila mwanafunzi wa ushairi hukitaja. Alipokwisha kufariki mwaka 1964, jina lake liliwekwa juu ya uwanja wa michezo. Ila uwanja uko Arusha. Ikiwa mtunga kanuni za mashairi hakuonewa haya kupewa uwanja wa mpira, sisi tufundishao kanuni zake tuna ruhusa ya kusema neno juu ya mpira.

Na neno langu ni kwamba Kigoma haina upungufu wa kutazama. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya kombe la shirikisho kati ya Simba na Yanga ilichezwa katika uwanja wa Lake Tanganyika, bao moja la Taddeo Lwanga likaamua, na mji ulipokea wageni kutoka kila pembe ya nchi. Tangu Mashujaa wapande, timu kubwa huja zenyewe. Vibanda vya televisheni vipo Mwanga, vipo Gungu, vipo Ujiji. Kijana wa chuo hujua jina la mlinda mlango wa akiba wa Arsenal, na hajakimbia mita mia tangu alipomaliza shule. Kazi ya kumfanya awe mtazamaji imekwisha kufanywa na wengine, tena bila malipo. Chuo kilipokea fedha yake kwa kazi nyingine.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Mashindano ya mabweni, bweni kwa bweni, darasa kwa darasa, wake kwa waume, yalikuwa mazoea ya shule kama Tabora tangu zama za wakoloni, nayo hugharimu mipira, filimbi, chokaa ya kuchorea uwanja na mwalimu mwenye subira. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na wanne, timu moja na wa akiba wachache, basi udogo si udhuru. Majirani nao tunao. Vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga vyaweza kwendewa na kurudiwa siku ile ile. Timu zikichoka kuonana zenyewe kwa zenyewe, ndipo tufikirie Dodoma.

Na liko jambo moja linaloniuma kuliko mpira wote. Tuko ukingoni mwa ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Wahitimu wetu, walimu na wauguzi, hupangiwa kazi katika vijiji vya mwambao wa kusini kama Buhingu na Kalya, nao husafiri huko kwa mashua pamoja na magunia na watoto wachanga. Ni wangapi kati yao waliofundishwa kuogelea na chuo kilichowatoza fedha ya michezo miaka miwili au mitatu? Nchi hii ilizika mamia ya watu wake MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria Mei 1996, na bado kuogelea hakumo katika ratiba, kwa kuwa hakuna kikombe chake katika mashindano ya mbali. Nitaambiwa kuna mamba na kichocho. Ni kweli, vipo, na ndiyo sababu ya kutaka mahali palipochaguliwa na wataalamu, kamba, maboya na mwalimu aliyehitimu, badala ya kuwaachia vijana wajifunze wenyewe Jumapili. Nusu ya nauli za safari moja ingetosha kuanzia. Makasia nayo, katika mji wa wavuvi, yangepata waalimu ufukoni wa kumwaga, wala wasingedai posho ya kulala hoteli.

Hesabu zenyewe zibandikwe. Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha niliomba kuona matumizi ya fedha ya michezo, nikajibiwa kwamba mwenye ufunguo wa kabati amesafiri na timu. Tulicheka wote wawili, mimi na karani, lakini kabati halikufunguliwa hata timu iliporudi. Mkoa huu ulimtoa Zitto Kabwe, ambaye mpaka mwaka 2015 alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya hesabu za serikali. Itakuwa kichekesho ikiwa watu wa kwao ndio watakaoona haya kuuliza shilingi 10,000 zimekwenda wapi. Waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi asimame kila mwisho wa muhula aseme: tulipokea hiki, tukatumia hiki, waliocheza ni wangapi. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo isiyoulizwa.

Muhula mpya ukikaribia, fomu zitapigwa chapa tena. Mstari ule uandikwe kwa ukamilifu: kiasi cha mtu mmoja, jumla ya wote, michezo ipi, uwanja gani, siku gani, saa ngapi. Mkuu wa chuo asiyeweza kuyajaza hayo aufute mstari, na mzazi wa Katonga abaki na dagaa wake.