Mashuka ya pamba na tamko la forodha
Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, mashuka yapo kifungu cha 63.02, na uzi uliozidi kwa uzito ndio unaoamua: pamba 60 kwa poliesta 40 ni shuka la pamba. La pamba kwa miaka mingi liliwekwa kwenye bidhaa nyeti, asilimia 50. La poliesta pungufu ya hapo. Basi mfanyabiashara wa Kigoma hushawishika kubadili neno moja tu.

Maulamaa wamehitilafiana juu ya kodi isiyokuwa zaka, na sisi tunaona kiwango hicho kizito. Lakini hitilafu hiyo haihalalishi uongo. Tena huyo huyo, akifika sokoni Ujiji, humwambia mteja "pamba tupu"! Jirani yake aliyesema kweli ndiye anayefunga duka.

Anayetatizika amwombe Kamishna wa Forodha uamuzi kwa maandishi kabla ya kuagiza, sheria inamruhusu.