Gari la Juu Linavuta, Lakini Linaitika?

NYUMA YA USUKANI
Na Rashidi Mwakyoma

Muulize mtu aliyetoka kununua Harrier linakwendaje, atakujibu kwa neno moja: "Linachanganya." Ukimbana akueleze linachanganya wapi, likiwa limebeba nani na likiwa nyuma ya lori gani, mazungumzo yatahamia kwenye viti vya ngozi. Hana kosa. Wengi wetu hununua magari ya juu kutoka Japani kwa kutazama picha. Tunakagua kilomita, tunakuza picha ya bodi kutafuta mkwaruzo, tunatuma fedha, tunasubiri meli. Gari lenyewe tunaliendesha kwa mara ya kwanza likishatoka bandarini, na wakati huo hakuna cha kubadilisha.

Sina ugomvi na nguvu. Nguvu ni tamu, na anayebisha hajawahi kukanyaga mafuta asubuhi na mapema kutoka Chalinze kwenda Morogoro, barabara ikiwa tupu. Ugomvi wangu ni na mahali tunapoipimia. Tunalijaribu gari kwenye mita mia mbili za mbele ya yadi, mtu mmoja ndani, tangi nusu, kiyoyozi kimezimwa. Hapo kila gari ni shujaa. Desemba ikifika tunalipakia watu watano na mizigo ya sikukuu hadi dirisha la nyuma halionekani, tunashika njia ya Mbeya.

Sehemu kubwa ya njia hiyo ni ya kwenda na kurudi tu. Mtihani wa gari pale ni mmoja: kulipita lori. Chukua kalamu tupige hesabu. Mbele yako kuna semi-trela ya mita 20 hivi, inakwenda kilomita 60 kwa saa. Unaanza ukiwa mita 20 nyuma yake, na unarudi upande wako ukiwa umeiacha mita 20. Ongeza urefu wa gari lako, unapata mita 65 za kuipunguza. Upande wa pili linakuja basi kwa kilomita 80. Gari linalotoka 60 hadi 100 kwa sekunde 6 litamaliza kazi hiyo kwa sekunde 9 hivi. Linalotumia sekunde 14 litahitaji karibu 13. Ukijumlisha mwendo wako na wa basi, gari la kwanza linahitaji barabara tupu ya mita 410 au zaidi kidogo, la pili mita 560. Kwa hiyo nguvu zote zile ulizozilipia zimekununulia sekunde 4 na mita 150. Si haba. Kuna siku mita 150 ndizo zote.

Sasa tazama upande ambao muuzaji haugusi. Umeshaingia upande wa basi, umekanyaga mafuta hadi chini, na gari limenyamaza kwanza. Linatafuta gia, au turbo inasubiri kujaa pumzi. Kwa kila sekunde ya kimya hicho, wewe na basi mnakaribiana mita 39. Gari la sekunde 6 linalositasita kwa sekunde 2 linahitaji barabara ndefu kuliko gari la sekunde 8 linaloondoka mara tu mguu unaposhuka: karibu mita 490 dhidi ya 450. La kwanza ndilo lenye injini kubwa, ndilo linalosifiwa kijiweni, na ndilo litakalokutoa jasho pale Doma.

Kuitika, basi, ndiko ninakokulilia. Na kuitika kuna ujanja wake.

Zamani pedali ya mafuta ilikuwa imefungwa waya unaokwenda moja kwa moja kwenye injini. Ulichovuta kwa mguu ndicho ulichopata. Siku hizi pedali ni kitambuzi. Mguu wako unatuma ombi, kompyuta ndiyo inayoamua. Ile swichi iliyoandikwa Sport haiongezi farasi hata mmoja kwenye magari mengi ya daraja hili. Inachofanya ni kuiambia kompyuta ifungue zaidi kwa mguu uleule, na kwenye otomatiki, ichelewe kupandisha gia. Ukikanyaga robo, gari linaruka, nawe unatabasamu. Ukikanyaga hadi chini, Sport au Eco, injini inatoa kilekile. Vile vidude vinavyouzwa ili kuamsha pedali navyo hufanya kazi hiyohiyo, kwa fedha yako ya ziada. Mtu anayekuonyesha nguvu za gari kwa kubonyeza swichi hiyo amekuonyesha mpangilio wa pedali.

Tuje kwenye majina. Harrier iliyotoka 2013, ambayo vijana wanaiita Anaconda, iliuzwa zaidi na injini ya cc 2,000 isiyo na turbo: farasi 151 na msukumo wa Newton-mita 193. Hizo ni namba za gari dogo la saluni, zimewekwa kwenye bodi yenye tani moja na nusu na ushee. Ongeza watu watano na mizigo, unasukuma tani 2. Mjini hutajua. Kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula utajua. Mwaka 2017 Toyota ikaleta Harrier yenye turbo: cc zilezile 2,000, lakini farasi 231 na Newton-mita 350, na msukumo huo unapatikana kuanzia mizunguko 1,650 tu kwa dakika. Kwa macho, magari haya mawili ni ndugu. Kwa usukani ni watu wasiojuana.

Hapa kuna jambo linalonichekesha kila mara. Ushuru wetu wa bidhaa hupanda injini ikivuka cc 2,000. Unapima ukubwa wa silinda, haujui farasi. Harrier goigoi na Harrier yenye turbo zinasimama mstari mmoja, ingawa kwa bei ya kununulia zimeachana mbali.

Halafu kuna gia ya CVT, ambayo imesingiziwa mengi. Harrier isiyo na turbo inayo, X-Trail nyingi zinayo. Haina gia za kuhesabu. Ina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili. Ukikanyaga, injini inapanda mizunguko na kubaki hukohuko ikilia kama mashine ya kusaga, huku mshale wa mwendo ukifuata kwa nyuma. Dereva anasikia kelele, hasikii mwendo, anasema gari halina nguvu. Si kweli. CVT inaiweka injini pale inapotoa farasi wake wote, jambo ambalo gia za kawaida haziwezi kulifanya muda wote. Tatizo lake ni pale mwanzo, wakati puli zinabadilisha nafasi. Pale ndipo kimya kinapoingia. Anayelijua gari lake hukanyaga kidogo mapema akiwa bado nyuma ya lori, injini ikaamka, ndipo akatoka. Mazda waliikataa CVT kwenye CX-5 ya 2012. Walibaki na otomatiki ya gia sita inayoshikana mapema na injini. Injini yao ya petroli ya cc 2,000 ina farasi 155 tu, inapishana na Harrier kidogo mno, lakini gari linaonekana jepesi kwa sababu linajibu.

Nenda nalo juu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua uzito. Iringa iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Farasi 151 waliotoka Kurasini wanafika Gangilonga wakiwa kama 127. Turbo inajaza hewa yenyewe, kwa hiyo haiusikii sana mlima. Labda hii ni sehemu ya sababu za Wakenya kuzipenda Forester za turbo: Nairobi iko karibu mita 1,800, na ukipanda Limuru unaongeza. Forester ya turbo ya mwaka 2012 ina farasi 280, na ukiona watu wanaizungumzia kama dini, kaa upande wake siku moja ikipanda kutoka Mai Mahiu.

Dizeli nayo ina hoja. CX-5 ya dizeli ya cc 2,200 inatoa Newton-mita 420 kwenye mizunguko 2,000, zaidi ya mara mbili ya msukumo wa petroli yake. Inapita lori bila kupiga kelele. Ila ina kichujio cha masizi kinachotaka safari ndefu na dizeli safi; mtu wa Sinza hadi Posta kila siku atakutana na fundi kabla ya mwaka. Na kuna Prado ya petroli ya cc 2,700: farasi 163, karibu tani 2 kabla hujapanda. Heshima yake barabarani ni kubwa kuliko mwendo wake. Njia mbaya inazimudu vizuri sana, lakini kwenye lami anayeiendesha lazima apange kulipita lori kama anavyopanga harusi.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwenye ushauri, maana magari haya yana hila ya kimo. Ukikaa juu, lami inaonekana ikipita polepole. Kilomita 90 ndani ya IST zinatisha. Ndani ya Harrier ni kama 70. Ndiyo maana trafiki wenye tochi pale penye kibao cha 50 wana wateja wengi wa magari ya juu, na kila mmoja anaapa alikuwa anatembea. Breki hazidanganyiki na kimo: kutoka 100 hadi kusimama kunahitaji zaidi ya mara moja na nusu ya umbali wa kutoka 80.

Basi, kabla hujatuma fedha Japani, soma herufi za mwanzo za namba ya chasisi kwenye tangazo. Kwa Harrier ya kizazi cha 2013, ZSU ni ile isiyo na turbo, ASU ni ya turbo, AVU ni ya haibridi. Kwa Forester ya 2012, SJ5 ni ya kawaida, SJG ni ya turbo. Picha hazitakuambia hayo, na wauzaji wengine huandika "2.0" wakakuacha ujifurahishe. Kisha tafuta gari la namna hiyohiyo hapa mjini, la kukodi au la jirani mwungwana, mjazie mafuta, pakia watu wanne wazito, washa kiyoyozi, mtoke hadi Chalinze. Ukifika sehemu iliyonyooka na salama, nenda 60, kanyaga hadi chini, na mwenzako ahesabu mambo mawili kwa simu: muda wa kimya, na muda wa kufika 100. Andika. Fanya hivyo kwa magari mawili unayoyafikiria, na usishangae kama la bei ndogo ndilo lililoitika.

Kwa fedha yangu mwenyewe ningechukua ASU yenye historia ya kubadilishiwa oili kwa wakati. Ikinishinda bei, ningechukua CX-5 ya petroli na kuvumilia maneno ya mashemeji. Mwenye shamba Ludewa achukue Prado, kisha aondoke alfajiri malori yakiwa bado yamelala.